Jinsi ya kupima kipozeo cha hewa cha prosesa kwenye joto letu hili, hatua kwa hatua

Wakuu, naulizwa sana "hii feni ya CPU ni kali?" halafu mtu ananitumia picha ya boksi. Mwingine anatuma skrinshoti, prosesa (ndo hiyo CPU) ipo nyuzi 74, anataka nimwambie kama ni poa au ndo inaungua. Namuuliza chumba kilikuwa na joto gani, prosesa ilikuwa inakula wati ngapi, feni ilikuwa inazunguka raundi ngapi kwa dakika. Kimya. Sasa bila hivyo vitu vitatu hiyo 74 ni namba tu, unaweza hata kuibandika mgongoni kwenye jezi.

Nikisema kipozeo namaanisha dude zima, yaani hitisinki ya chuma na feni yake na breketi zake. Kariakoo ukiomba "kula" (cooler) ya CPU watakuuliza unataka ya chipsi au ya ugali, we sema feni ya CPU wanakuelewa hata kama unalitaka lile la kilo nzima.

Cha kwanza kuelewa, kipozeo cha hewa kinachukua joto la prosesa kinalimwaga kwenye hewa ya chumba, basi, hakina friji ndani. Hakiwezi kushuka chini ya joto la chumba hata ukifunga feni kumi, na chumba kikipanda nyuzi moja prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja. Wale jamaa wa YouTube wa Ulaya na Marekani wengi wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 21, 22 hivi. Chumba changu hapa Tabata mwezi wa pili saa tisa mchana kinasoma 32, na feni ya dari iko juu inapiga. Kwa hiyo kipozeo kilichompa yeye 68 mimi kitanipa kama 78, na hakuna aliyedanganya. (Wa Njombe na Mbeya mna bahati ya baridi, ila jueni hewa ya huko juu ni nyepesi, kwenye mita 1,700 ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar, feni ileile inasukuma mzigo mdogo wa hewa. Baridi yenu inafidia lakini.)

Unachohitaji: kipimajoto cha kidijitali cha chumbani, hata kile cha bei chee cha kuku wadogo kinatosha, programu mbili za bure ambazo ni HWiNFO64 ya kusomea na Cinebench R23 ya kupigia mzigo (kuipa prosesa kazi nzito), rula, simu, na daftari. Daftari usilidharau, ukipima leo na keshokutwa kichwani hutakumbuka.

Hatua ya 1: kabla hujatoa hela

Fungua ubavu wa keisi, simamisha rula juu ya prosesa mpaka usawa wa mfuniko, andika. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina urefu wa milimita 155, Deepcool AK400 nayo 155, Noctua NH-D15 ni 165. Keisi yako ikiwa na nafasi ya 158, hilo la mwisho halifungi mfuniko, na nimeona mtu anatembeza kompyuta bila mfuniko mwaka mzima kisa milimita saba. Angalia na RAM pia, kama zina mapembe marefu ya urembo feni ya mbele itagonga, utalazimika kuipandisha juu na urefu unaongezeka tena.

Halafu soketi, yaani kile kikalio cha prosesa. Hapa ndo wengi wanapigwa. Prosesa za Intel za soketi ya LGA1200 na zile za nyuma yake za 115x, matundu ya skrubu yamepishana milimita 75, LGA1700 ni 78. Kipozeo cha mtumba cha zamani kinaweza kuonekana kama kinaingia, ukilazimisha kinakaa upande. Uliza breketi ya soketi yako ipo ndani ya boksi, fungua boksi uione kwa macho, muuzaji akisema "ipo bosi usijali" we endelea kufungua.

Na wale wenye Dell OptiPlex na HP EliteDesk, hizi za ofisini zilizojaa mjini, nawaonea huruma kidogo. Mazabodi (bodi kuu) zao nyingi zina mpangilio wao wa skrubu na wa waya za feni, na keisi zenyewe ni nyembamba. Mara nyingi kuisafisha na kubadilisha pesti (ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo) kunakulipa kuliko kununua kipozeo kipya kisichoingia.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi, "inabeba wati 220" sijui 260, usizichukulie kwa uzito. Kila kampuni inapima kwa namna yake na haisemi chumba kilikuwa na joto gani wala prosesa ilifika nyuzi ngapi. Bora uangalie chuma chenyewe: mabomba ya shaba mangapi (manne kwa prosesa ya kati, sita kwa kubwa), mapezi (vile vibati vyembamba) mangapi na yameshikana na mabomba vizuri au yanacheza ukiyatikisa, na sakafu yake inayogusa prosesa. Weka ukingo wa rula ya chuma juu ya hiyo sakafu uielekeze kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita sana pembeni au katikati ujue kuna bonde, na bonde utalijaza pesti, na pesti haipitishi joto kama shaba.

Hatua ya 2: jua prosesa yako inakula kiasi gani

Namba ya TDP kwenye tangazo, yaani wati anazozitaja mtengenezaji, sio yote. Ryzen 5 5600 ya AMD imeandikwa wati 65 lakini kikomo chake halisi ni 76. Core i5-12400 ya Intel imeandikwa 65 na ikipewa kazi nzito inaruhusiwa kupanda mpaka 117, na mazabodi nyingine zinaiachia tu hivyo bila kuirudisha chini. Ryzen 7 7700X imeandikwa 105, kikomo 142. Kwa hiyo usilinganishe kipozeo cha rafiki yako mwenye i5 na chako wakati wati zenu hazifanani.

Jua pia ukuta wako uko wapi, yaani joto ambalo prosesa ikilifika inajipunguza mwendo yenyewe. 5600 inajibana ikifika nyuzi 90, i5-12400 ni 100, Ryzen za 7000 zile zenye X mwisho ni 95, na hizo zimetengenezwa makusudi zikimbie mpaka huko. Nitarudi hapo maana panachanganya watu.

Hatua ya 3: pima kwanza ulichonacho

Watu wanaruka hii halafu wanabaki kusema "naona kama imepoa". Kabla hujagusa skrubu hata moja, pima kipozeo cha zamani kwa utaratibu uleule utakaotumia kwa kipya.

Ingia baiosi (ile menyu ya mazabodi kabla Windows haijawaka), tafuta sehemu ya feni, weka feni ya CPU kwenye asilimia 100 isibadilike, za keisi nazo uzifunge kwenye kasi moja. Ukiziacha zijiendeshe zenyewe zitapanda na kushuka na utakuwa unapima akili ya mazabodi. Funga keisi kama unavyoitumia siku zote. Kipimajoto kiweke pale hewa inapoingilia keisi, mbele, kama nusu mita hivi, sio nyuma inakotoka hewa ya moto wala juu ya kabati ukutani. AC kama unayo, ama iwake muda wote ama izimwe muda wote. Dirisha vilevile.

Washa HWiNFO64, tafuta mistari mitatu: joto la prosesa (kwa AMD imeandikwa Tctl/Tdie, kwa Intel CPU Package), wati (CPU Package Power), na kasi ya feni.

Hatua ya 4: piga mzigo, na uwe na subira

Cinebench R23 yenyewe inakwenda dakika 10, ila kwenye mipangilio unaweza kuiambia iende 30. Iweke 30. Hitisinki kubwa ni kama sufuria nzito, inachukua muda kushiba joto, dakika tatu za mwanzo itakudanganya kwamba we ni mfalme wa barafu. Ikifika dakika ya 25 bonyeza kale kasaa ka chini kwenye HWiNFO kufuta kumbukumbu, subiri dakika nne, halafu soma safu ya wastani. Usichukue ile ya juu kabisa, hiyo inaweza kuwa mruko wa sekunde moja tu. Andika joto la chumba muda huohuo, sio la asubuhi.

Prime95 na yenyewe ipo, ila ni kali kuliko kazi yoyote utakayofanya maishani. Kama we unaediti video za harusi, Cinebench au kurenda mradi wako wenyewe kunakwambia ukweli zaidi.

Hatua ya 5: kubadilisha, na makosa yangu mawili

Kosa la kwanza. Kipozeo kilichokuja na 5600 yangu, ile Wraith Stealth, pesti yake ilikuwa imekauka kama gundi. Mi nikafungua skrubu nne nikavuta juu moja kwa moja. Ikatoka na prosesa yake! Kwenye soketi ya AM4 prosesa ndo yenye pini, 1331, na nne zikawa zimelala. Nilikaa na wembe na tochi ya simu nusu saa nazinyoosha moja moja, jasho linanitoka na feni nimezima nisije nikapepesuka mkono. Kwa hiyo: pasha prosesa moto kwanza kwa dakika kumi ya kazi, zima, chomoa waya ukutani, halafu zungusha kipozeo taratibu kushoto kulia mpaka uhisi kimeachia, ndo unyanyue. Na ukiwa unafungua hizo skrubu shika kile kibao cha nyuma ya mazabodi kwa mkono mwingine, hakina kingine kinachokishikilia, kitadondoka.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi. Pesti mpya weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, kwa prosesa kubwa kubwa ongeza vitone vinne vidogo kwenye kona. Bandua plastiki chini ya kipozeo. Narudia, BANDUA. Kuna jirani alinunua kompyuta iliyofungwa tayari dukani, inajizima akicheza gemu, amebadilishiwa mpaka pawa saplai, nafungua nakuta kale kakaratasi kenye maandishi ya onyo bado kapo, kameiva rangi ya chai.

Kosa la pili ndo la kujifunza zaidi. Kipozeo kipya, cha mnara mmoja na mabomba manne, nilikifunga kwa kukaza skrubu ya kwanza mpaka mwisho ndo nikaenda ya pili. Nikapima nikapata 81. Nikasema nimepigwa. Kesho yake nikakifungua, pesti upande mmoja imetandazwa nyembamba vizuri na upande wa pili imelala nene kama siagi ya mtoto anayejipakia mkate mwenyewe. Nikafuta, nikafunga upya, mizunguko miwili huku, miwili kule, mpaka zote zikagota pamoja. Nikapata 74, chumba kilekile cha 32. Nyuzi saba zilikuwa mkononi mwangu, sio kwenye kipozeo! Tangu siku hiyo sihukumu kipozeo chochote kwa kufunga mara moja, nafunga walau mara mbili na majibu yakipishana zaidi ya nyuzi mbili tatu nafunga ya tatu.

Feni iangalie inapuliza wapi. Upande wenye vile vijiti na stika ndo hewa inatokea. Iwe inasukuma hewa kupita kwenye mapezi kuelekea nyuma ya keisi.

Hatua ya 6: hesabu yenyewe

Ni ya darasa la tano. Toa joto la chumba kwenye joto la prosesa, gawanya kwa wati.

Stealth ya zamani: chumba 31, prosesa 89, wati 76. Tofauti 58, gawa kwa 76, unapata 0.76. Maana yake kila wati moja inanipandishia robo tatu ya nyuzi.

Kipya: chumba 32, prosesa 74, wati 76. Tofauti 42, inakuja 0.55.

Ona sasa siku nilizopima chumba hakikuwa na joto moja na bado naweza kulinganisha. Na naweza kubashiri: siku chumba kikifika 34, kipya kitanipa 76 hivi. Stealth ingetaka kwenda 92, haiwezi, ukuta upo 90, kwa hiyo prosesa ingejibana yenyewe kwa kupunguza wati na mwendo. Ndo ile mnasema kompyuta inakuwa nzito mchana na usiku iko fresh mnafikiri ni virusi.

Ila namba hiyo ni ya prosesa hiyohiyo tu, usiibebe. Joto likitoka kwenye kipande kidogo cha siliconi linapenya kwa shida zaidi kuliko likitoka kwenye kipana, kwa hiyo 0.55 yangu kwenye i5 yako inaweza kuwa nyingine kabisa na kipozeo ni kilekile.

Sasa lile la ukuta. Prosesa ikiwa imegota kwenye kikomo chake, joto haliwezi kukwambia kitu tena. 7700X inaweza kusoma 95 kwenye kipozeo kibovu na 95 kwenye kizuri. Hapo acha nyuzi, angalia wati na megahezi (mwendo wake), kipozeo kizuri ni kile kinachoiruhusu ikae kwenye 95 ikiwa inakula wati nyingi zaidi na inakimbia zaidi. Kwa Intel, HWiNFO ina mstari wa Thermal Throttling, ukiona Yes umegota. Ukitaka urudi kwenye hesabu ya nyuzi, ingia baiosi uibane prosesa kwenye wati fulani, sema 100, pima vipozeo vyote hapo.

Hatua ya 7: kelele

Kipozeo chochote kitapoza kama feni inapiga kelele ya mashine ya kusaga. Swali ni kinapoza kiasi gani kwa kelele unayoweza kuishi nayo. Programu ya simu ya kupima sauti haina uhakika kwenye namba yenyewe lakini kulinganisha inaweza, mradi simu ileile, sehemu ileile, nusu mita kutoka kwenye keisi. Mimi hupima saa nane usiku, kabla ya hapo kuna bajaji, kuna baa ya jirani, na majogoo ya Tabata yana saa yao wenyewe.

Shusha feni kwenye baiosi mpaka pale unaposema hapa naweza kurekodi sauti, kisha rudia kipimo chote cha dakika 30. Kwangu ni kwenye raundi 1,000 kwa dakika. Prosesa ilienda 79 kwenye chumba cha 32, yaani nilipoteza nyuzi tano tu nikapata utulivu. Hiyo ndo namba ninayoiamini kuliko ile ya asilimia 100, maana huko ndo nitaishi. Vipozeo vingine ukishusha feni prosesa inapanda nyuzi kumi na tano, ujue chuma ni kidogo na feni ndo ilikuwa inakibeba.

Na sikiliza kwa sikio pia, kuna feni haina kelele kubwa ila inalia mluzi mwembamba au inatikatika kwenye kasi fulani, hiyo simu haiikamati vizuri na itakukera kuliko mvumo.

Hatua ya 8: isije ikawa ni keisi

Kipimo cha dakika 15 tu. Mzigo ukiwa unaendelea, toa mfuniko wa ubavu. Joto likishuka nyuzi mbili tatu, kawaida, yangu ilishuka tatu. Likishuka nyuzi nane, kumi, basi kipozeo chako hakina kosa, kinavuta hewa ya moto iliyofungiwa humo ndani. Ile ya jirani, baada ya kubandua plastiki, bado ilikuwa inashuka 11 ukiifungua, keisi ina kioo mbele chote, tundu hakuna, mataa ya rangi sita. Feni mbili za kawaida na kutoa kile kioo zilimfaa kuliko kipozeo kipya alichokuwa ameshaanza kukichangia hela.

Kikikaa miezi mitatu

Rudia hatua ya 4 na uandike pembeni ya ile ya kwanza. Vumbi letu halina mchezo, hasa ukikaa karibu na barabara ya vumbi na madirisha ya wavu. Kama 0.55 imekuwa 0.60 na zaidi, toa feni, uone ule mkeka wa vumbi umejibana katikati ya mapezi upande ule feni ilikokuwa, kwa mbele ulikuwa huuoni. Brashi laini ya rangi inatosha. Ukitumia blowa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, yakikimbizwa na upepo beringi inakufa na feni itaanza kuguruma wiki ijayo.